Mashine Saba Zilisema Mke Wangu Haumwi

Siku mke wangu alipoanguka, mezani kwangu kulikuwa na mashine saba za kupimia presha.

Nilimpima kwa zote saba.

Zote zilisema hana kitu cha kutisha.

Haikupita nusu saa alikuwa sakafuni, midomo imebadilika rangi, povu lenye wekundu linamtoka, na binti yetu amesimama mlangoni na daftari la shule mkononi, hajui alie au akimbie.

Sasa kabla hujaandika huko chini kwenye maoni kwamba natunga, ngoja kwanza. Mtu anayetunga hujipa nafasi nzuri. Mimi kwenye kisa hiki ndiye mjinga, na nitabaki mjinga mpaka mstari wa mwisho.

Mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali. Usinikuze. Sigusi mashine za picha wala za upasuaji. Mimi ni wa vitu vidogo: mizani ya watoto wachanga, taa za kuangalia koo, na zaidi ya yote mashine za presha. Zile za mkono, zenye mkanda, kipira cha kujaza upepo na saa ya duara yenye mshale.

Zahanati ikiharibikiwa mashine, inaniletea. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Meza moja, taa ya mezani, makopo ya skrubu na kiti kimoja cha plastiki.

Kile kiti kilikuwa cha mke wangu. Nitakwambia kwa nini.

Mke wangu ni msusi. Anasukia barazani, hatua kumi tu kutoka mezani kwangu. Tulipooana presha yake ilikuwa mia na kumi kwa sabini. Ukimpima asubuhi, mia na kumi. Ukimpima baada ya kugombana na mimi, mia na kumi. Nilikuwa namtania kwamba moyo wake haujui kama ameolewa.

Kisha akashika mimba.

Mwezi wa nane ulipoanza, uso ukavimba. Pete ikakataa kutoka kidoleni. Akawa analalamika kichwa, na anaona vimulimuli mbele ya macho. Mama mkwe akasema ni uchovu, apumzike. Mimi nikampima, nikaona mia sabini kwa mia na kumi na mbili.

Siku hiyo nilikimbia vizuri, sijidanganyi. Tulifika hospitali kubwa kabla hajapata degedege. Wakapima mkojo, wakakuta protini. Wakasema hii ni presha ya mimba, kifafa kiko njiani, mtoto atoke leo leo.

Akatoka. Kilo moja na nusu na ushee. Mtoto njiti, mdogo kiasi kwamba niliogopa kumshika. Tukamwita Kijiti kwa utani na jina likamganda. Sasa ana miaka tisa na ndiye mrefu kuliko wote darasani kwake.

Wiki sita baada ya hapo presha ya mama yake ikashuka. Mia na kumi na mbili kwa sabini. Nilipiga makofi pale pale kliniki.

Mkunga aliyetupa ruhusa hakupiga makofi. Alikuwa mama mfupi, mkavu, miwani imening'inia kifuani. Akachukua kalamu nyekundu akaandika juu ya kadi ya mke wangu kwa herufi kubwa: APIMWE PRESHA KILA MWAKA, MAISHA YAKE YOTE.

"Mwanangu," akamwambia, "mtoto ametoka, lakini ugonjwa huu ukipita kwa mtu unaacha alama. Kwenye mishipa, kwenye figo, kwenye moyo. Presha inaweza kurudi kimyakimya miaka mingi mbele. Usikae ukasema imekwisha."

Akanigeukia. "Na wewe baba, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Tulipofika getini nikacheka. Nikamwambia mke wangu hawa watu wa kliniki wanapenda kutia chumvi. Dawa ya presha ya mimba ni kujifungua, nani asiyejua? Na isitoshe, umeolewa na fundi presha. Utakwenda kupimwa na nani tena?

Na yeye akacheka. Alicheka kwa pumzi ndefu, maana wakati huo pumzi alikuwa nayo.

Sasa sikiliza jambo la kifundi. Nitalisema kwa kifupi.

Huwezi kutengeneza mashine ya presha kwa macho. Lazima uwe na kitu cha kuilinganisha nacho, kitu usichokitilia shaka. Kitu hicho kwangu kilikuwa nguzo ya zebaki, bomba la kioo lenye zebaki ndani, la zamani, halidanganyi. Unaunganisha mashine mbovu na lile bomba kwa mpira mmoja, unajaza upepo, unaangalia kama vinakwenda sawa.

Miaka saba iliyopita ikaja amri. Zebaki ni sumu, zikusanywe zote. Wakaja watu na glavu, wakachukua bomba langu wakaondoka nalo kwenye ndoo. Wakasema kifaa kipya cha kulinganishia kitaletwa.

Mpaka leo nakisubiri.

Mashine nazo zilizidi kuja. Ningewaambia zahanati siwezi kazi? Fundi mzima? Nikajikuna kichwa siku mbili, siku ya tatu nikapata akili. Nikajiona mjanja kuliko wote walionifundisha kazi.

Nikasema, mbona nina mia na kumi ndani ya nyumba?

Ndiyo. Mkono wa mke wangu.

Basi ikawa ndiyo kazi. Mashine ikija, nafungua, nasafisha, nabadilisha mpira, halafu napiga kelele kuelekea barazani. "Mama Kijiti, njoo mara moja!"

Anakuja na kitana kimechomekwa kichwani, vidole vina mafuta ya nywele, anakaa kwenye kiti cha plastiki, ananyoosha mkono wa kushoto. Namfunga mkanda, najaza, nasikiliza. Mashine ikisoma mia na ishirini, najua inasoma juu. Nafungua kioo, nagusa skrubu ndogo iliyo ndani, nampima tena. Mpaka ifike mia na kumi.

Ikifika natangaza kwa sauti. "Mia na kumi!"

Wateja wake barazani wakawa wanaitikia kwa vicheko. Ndiyo maana mtaani mimi ni Mia na Kumi. Hata watoto wa shule wananiita hivyo.

Baada ya hapo kuna kazi ya mwisho. Skrubu ikishakaa sawa unaidondoshea tone la rangi ya kucha ili isilegee. Mafundi wengi wanafanya hivyo. Rangi ilikuwa yake, nyekundu iliyoiva, na tone alikuwa analitia mwenyewe, kwa mkono mtulivu kuliko wangu.

"Nimetia sahihi," alikuwa anasema.

Mwaka wa kwanza mashine zilizokuja zilikuwa zinazidi kidogo tu. Mwaka wa pili zikazidi zaidi. Mwaka wa nne nikaanza kulalamika kwa kila mtu. Jamani, mashine za siku hizi ni takataka. Kila inayoletwa inasoma juu! Mia na thelathini, mia na arobaini, mia na hamsini!

Nilikuwa nalalamika huku nimeshika mkono wa mke wangu.

Hakuna aliyeniuliza swali. Mimi mwenyewe ndiye niliyepaswa kujiuliza.

Miguu ilianza kuvimba jioni. Tukasema ni kusimama kutwa nzima akisuka. Akawa analalia mto mmoja, halafu miwili, halafu mitatu. Tukasema ni godoro. Akipanda ngazi tatu za barazani anasimama kwanza, anajifanya anaangalia barabarani. Nikamtania kwamba amezeeka kabla ya miaka thelathini na mitano.

"Nipime," alikuwa ananiambia wakati mwingine.

Nampima. Mia na kumi.

"Moyo wa msichana huo," namwambia. "Hebu acha uvivu."

Natamani kuyafuta maneno haya. Lakini niliyasema, acha yabaki hapa.

Ile Jumamosi alikuwa anaanika nguo. Mchana, jua kali. Akaingia karakana akiwa ameshika kifua, akakaa kwenye kiti chake bila kuitwa.

"Baba Kijiti, pumzi haitoshi."

Nikachukua mashine iliyokuwa karibu. Mia thelathini na saba kwa themanini na tano. Nikashangaa kidogo. Nikachukua ya pili. Mia thelathini na tano. Ya tatu. Ya nne. Nilizipitia zote saba, mezani pale, na yeye ananyoosha mkono, kama alivyozoea.

"Imepanda kidogo," nikamwambia. "Ni joto hili, na kuinamainama. Kunywa maji ulale."

"Mume wangu, nakufa."

"Mashine saba zinasema hufi."

Nilimwambia hivyo. Kwa tabasamu.

Jirani mwenye gari ndiye aliyetupeleka. Hospitali ile ile kubwa. Nesi wa mapokezi akamfunga mkanda, akapima, akakunja uso, akapima tena.

"Mia mbili na tano kwa mia ishirini na nane," akaita. "Leteni oksijeni!"

Unajua nilifanya nini?

Niligombana naye.

Mke wangu anatapatapa kitandani, na mimi nimemshika nesi mkono namwambia, "Dada, mashine yenu mbovu. Mimi ni fundi. Hiyo inasoma juu. Nipe bisibisi."

Akaniangalia kama anaangalia mwendawazimu. Akanisukuma kwa kiwiko akaendelea na kazi yake, na Mungu ambariki kwa kile kiwiko.

Walileta ya pili. Mia mbili. Wakamwekea ile ya umeme yenye kioo cha namba. Mia mbili na nne. Mimi bado nabisha. Begani nina mfuko wa kazi, ndani yake nimebeba moja ya zile saba, nikaichomoa. "Hii hapa imetengenezwa juzi! Pimeni kwa hii!"

Daktari alikuwa mwanamke kijana, sauti ya chini. Alinivuta pembeni ya pazia. Akakunja mkono wa koti lake.

"Nipime mimi," akasema. "Asubuhi nilikuwa mia ishirini kwa themanini."

Nikampima kwa mashine yangu.

Themanini kwa hamsini na tatu.

"Fundi," akasema polepole, "kwa hiyo mashine yako, mimi sasa hivi nilitakiwa niwe nimezimia."

Nikapima tena. Themanini. Nikatazama saa ya mashine, nikaona tone jekundu chini ya kioo. Nikakaa sakafuni, pale pale kwenye korido, watu wananiruka.

Nimetaja zahanati ngapi? Sijataja. Nilikuwa nazihesabu kichwani, nikiwa nimekaa chini.

Mke wangu hakufa siku ile. Walimtoa maji mapafuni, wakaishusha presha taratibu. Siku ya tatu wakampiga picha ya moyo, na daktari akaniita chumbani kwake pamoja na mama mkwe.

"Moyo wake umetanuka," akasema. "Umesukuma damu kwenye presha kubwa kwa miaka mingi bila msaada, umechoka. Dawa zitampunguzia mzigo. Lakini moyo huu haurudi ulivyokuwa."

Mama mkwe akasema, "Daktari, si walisema akijifungua imekwisha?"

"Walisema nani, mama?"

Mama mkwe akanitazama. Nami nikatazama viatu vyangu.

Daktari akaeleza yale yale ya mkunga, miaka tisa baadaye. Kwamba mwanamke aliyepata presha ya mimba, hatari yake ya maradhi ya moyo na kiharusi huko mbele ni kama mara mbili ya mwenzake ambaye hakuipata. Kwamba si laana wala si lazima imkute, lakini anatakiwa kufuatiliwa, maana ikionekana mapema inatibika kwa kidonge kimoja kwa siku.

Kidonge kimoja kwa siku. Nilimsikia vizuri.

Binadamu ni kiumbe wa ajabu. Akizidiwa na aibu anatafuta mtu wa kugawana naye. Jioni ile nilikaa kando ya kitanda chake, na badala ya kuomba msamaha nikaanza na lawama.

"Lakini na wewe, yule mkunga si alikuandikia? Kila mwaka. Kwa nini hukwenda kupima kwingine? Kwa nini ulinitegemea mimi tu?"

Alikuwa na mpira wa oksijeni puani. Akanyoosha kidole kwenye mkoba wake.

Ndani ya mkoba kulikuwa na kadi. Ile ile, yenye herufi nyekundu juu, imechakaa kwenye mikunjo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Alikuwa amekwenda.

Kila mwaka. Zahanati ya mtaa wa pili, bila kuniambia, kwa sababu nilimcheka getini siku ile. Miaka tisa, kila mstari na tarehe na sahihi ya nesi.

Mwaka wa kwanza, mia na kumi na sita. Wa pili, mia ishirini na nne. Wa tatu, mia thelathini na mbili. Wa nne, mia arobaini na mbili kwa tisini na mbili.

Wa nne huo huo, chini yake, mwandiko wa nesi: "Mashine mbovu. Irudiwe."

Halafu, wiki moja baadaye: mia na kumi kwa sabini.

Na kuanzia hapo, miaka yote, mia na kumi, mia na kumi na mbili, mia na kumi.

"Unaikumbuka?" akaniuliza. Sauti ilitoka kwa shida. "Mimi ndiye niliyeileta."

Nilikuwa nimeshaikumbuka.

Siku moja, miaka mitano iliyopita, aliingia nyumbani na kikapu cha mboga. Chini ya mboga kulikuwa na mashine ya presha ya zahanati ya mtaa wa pili, imebandikwa plasta iliyoandikwa INASOMA JUU. Nilimuuliza ameitoa wapi. Akasema nesi ni mteja wake, ameomba amletee mumewe.

Hakuniambia yule nesi alijuaje kwamba inasoma juu.

Alijua kwa sababu alimpima mke wangu akaona mia arobaini na mbili, akacheka, akasema, "Mke wa Mia na Kumi awe na mia arobaini na mbili? Hii mashine imekufa. Mpelekee bwana wako."

Na mke wangu akaibeba. Kwenye kikapu chake, kwa mkono wake, akaleta mezani kwangu mashine moja iliyokuwa inasema kweli.

Akakaa kwenye kiti. Akanyoosha mkono. Nikapima, mia arobaini na mbili. Nikasema kweli hii inasoma juu. Nikaikaza skrubu mpaka mia na kumi, kama nilivyoirudia kila mwaka ilipoletwa tena. Akatia tone.

"Nimetia sahihi," akasema.

Pale kando ya kitanda chake nililia kwa sauti, mpaka mama wa kitanda cha pili akaomba pazia livutwe.

Kesho yake asubuhi niliazima mashine nzima kwa daktari nikaenda mtaa wa pili.

Nilimkuta nesi yule yule kliniki ya wajawazito. Benchi limejaa. Mbele yake amekaa mama mwenye mimba kubwa, uso umevimba, na mkononi amefungwa mkanda wa mashine yenye tone jekundu.

"Mia na kumi kwa sabini na tano," nesi akasema. "Safi kabisa, mama. Kichwa hicho ni jua tu. Nenda nyumbani ukanywe maji."

"Dada," nikasema, "mpime kwa hii."

"Aa, Mia na Kumi! Karibu. Ya nini hiyo?"

"Mpime, nakuomba."

Akapima. Akaufungua mkanda, akaufunga upya. Akapima tena.

Mia sitini na tano kwa mia na kumi na mbili.

Yule mama alilalamika kichwa kwa wiki mbili, na wiki mbili hizo aliambiwa safi kabisa. Walimpeleka hospitali kubwa kwa pikipiki ya wagonjwa. Nilikwenda kumwulizia baadaye. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Nesi aliniambia kitu kingine akiwa amejishika kichwa. Kwamba kwa miaka miwili mitatu wamekuwa wakijiambia watu wa eneo lile wana presha za chini. Walikuwa wanawashauri wengine waongeze chumvi.

Nilikaa nikafungua daftari langu la kazi. Mashine nilizotengeneza kwa mkono wa mke wangu ni thelathini na moja. Na mshale wa kila moja unarudi kwenye sifuri vizuri, hivyo kwa kuangalia tu huwezi kujua. Nilipeleka barua ofisi ya afya nikaeleza yote, nikaweka na sahihi yangu. Wakanigongea muhuri. Barua imepokelewa, itafanyiwa kazi.

Nimeanza kuzifuata mwenyewe. Kwa miguu, kwa mabasi, kwa kuomba lifti. Nikifika najitambulisha, nasema nilichofanya, naomba mashine yangu. Kuna walionifukuza. Kuna daktari mmoja mzee aliyenizaba kibao, na sikurudisha mkono. Wengi wananipa tu bila kusema neno, na hao ndio wagumu zaidi.

Mke wangu ameruhusiwa kurudi nyumbani. Analala ameketi. Zile ngazi tatu za barazani hapandi tena, ninambeba. Hasuki. Kijiti amejifunza kumpangia dawa na kumpima uzito kila asubuhi kuangalia kama maji yanarudi. Daktari nilimuuliza ana muda gani. Akaniambia nisiulize maswali ya namna hiyo, nimpende tu. Nikaelewa.

Juzi nilimwomba msamaha kwa mara ya nne au ya tano. Nilipiga magoti kabisa.

"Baba Kijiti," akasema, "sijakusamehe. Nikikudanganya nitakuwa kama mashine zako."

Kisha akaniuliza, "Zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Ziko wapi?"

Nikamwambia sijui. Moja zahanati yake imefungwa, vitu vikagawanywa. Moja ilitolewa msaada. Mbili zimeuzwa mkono kwa mkono, hakuna anayekumbuka kwa nani.

Akatafuta pumzi. Akaomba kichupa chake cha rangi ya kucha. Nilidhani anataka nimpake, nikafurahi kama mtoto.

"Kipige picha," akasema. "Iandike hadithi yote huko mnakoandikiana. Usijipake mafuta. Watu waijue rangi."

Ndiyo hii mnayosoma.

Kwa hiyo sikilizeni, nyinyi wa zahanati, wauguzi, na yeyote mwenye mashine ya mkono nyumbani. Angalieni chini ya kioo cha saa, upande wa kulia wa mshale. Ukiona tone la rangi nyekundu iliyoiva, isimamishe. Usimpimie mtu. Niandikie, nitakuja popote ulipo.

Na wewe dada, au wewe kaka mwenye mke aliyewahi kupandwa na presha akiwa na mimba, hata kama ni miaka ishirini iliyopita, hata kama mtoto sasa ana ndevu: haijaisha kwa sababu mtoto alitoka. Nenda ukapimwe kila mwaka. Mwambie daktari kwamba uliwahi kuipata, maana asipoambiwa hatajua. Pimwa kwa mashine mbili tofauti. Na mashine ikikuambia jambo usilotaka kulisikia, usikimbilie bisibisi.

Asubuhi hii kaniuliza tena zimebaki ngapi.

Nikamwambia bado nne.

Akanitazama nilivyokaa kwenye kile kiti cha plastiki, simu mkononi, naandika.

"Basi ukimaliza kuandika," akasema, "unakaa hapa unafanya nini?"